UZI: Hita imewashwa, theluji iko nje, buibui wako anakauka – wafugaji wa tarantula tukutane hapa

#1 MkaaBaridi (Minneapolis) – 9 Novemba

Salaam wakuu.

Jana usiku imeanguka theluji ya kwanza ya kueleweka huku kwetu, na fanesi, ile hita kubwa ya jengo, imeanza kuunguruma. Asubuhi nikatazama kipima unyevu pale rafuni: asilimia 23. Wiki mbili zilizopita kilikuwa kinasoma 48. Nikasema leo lazima niandike, maana kila mwaka ikifika Januari kuna mtu ananifuata faragha na picha ya buibui aliyejikunja, ananiuliza "huyu amekufa au amelala?"

Kwanza nijieleze kwa wageni. Ninafuga tarantula wanne, mwaka wa sita huu. Kuna Kipilipili (Tliltocatl albopilosus, wa Amerika ya Kati, ukiona nywele zake utajua jina lilitoka wapi). Kuna Mzee, yule wa Mexico mwenye magoti mekundu. Kuna Bibi, Grammostola rosea wa Chile, mpole kupita kiasi. Na kuna Shangazi. Shangazi ni Pterinochilus murinus, rangi ya chungwa, wa kwetu kabisa Afrika Mashariki. Wazungu wanamwita kwa jina la Usambara. Hashikwi, hachezewi, na ukifungua kifuniko anasimama kwa miguu ya nyuma na kukuonyesha chonge kama mtu anayedai kodi ya miezi mitatu.

Sasa kosa langu. Januari ya kwanza kuwa na Kipilipili, nje ilikuwa nyuzi -25 za Selsiasi. Mimi na akili zangu za pwani nikawaza: mnyama wa nchi ya joto, baridi itamuua. Nikanunua kile kimkeka cha umeme cha kupashia joto, nikakiweka CHINI ya tangi, nikachomeka ukutani moja kwa moja bila themostati, kile kifaa cha kudhibiti joto. Nikalala na roho safi.

Siku ya tatu nikamkuta amepanda kwenye kioo, juu kabisa, ameng'ang'ania. Nikadhani anafurahia. Siku ya sita yuko chini, miguu imeingia ndani kidogo, tumbo limesinyaa kama zabibu kavu. Nikatia kidole kwenye udongo: mgumu kama tofali. Kisahani cha maji kimebaki na duara jeupe la chumvichumvi, tone hakuna.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni hiki. Porini, buibui huyu akisikia joto limezidi, anachimba kwenda chini, kwa sababu ardhini ndiko kwenye ubaridi na unyevunyevu. Mimi nilimgeuzia dunia. Kila alipochimba kutafuta nafuu alikutana na kikaango. Ndiyo maana alipanda kiooni.

Na ile miguu kujikunja ina sababu yake. Mguu wa buibui hauna misuli ya kuunyoosha kwenye maungio yake makubwa. Unanyooshwa kwa msukumo wa damu, kama breki ya gari inavyosukumwa na mafuta. Maji yakipungua mwilini msukumo unaisha, miguu inajikunja chini ya kifua kama ngumi. Tarantula anayekufa kwa kiu hafi chali, anakufa amefumba ngumi. Chali ni habari nyingine, tutafika.

Nilichomoa mkeka. Nikajaza kisahani cha maji ya uvuguvugu wa chumba, nikamsogeza taratibu kwa brashi laini mpaka mdomo wake ukagusa ukingo wa maji. Mdomo tu! Mapafu yako upande wa chini wa tumbo, ukimtumbukiza mzima unamzamisha. Nikakaa pale na tochi. Kama dakika ishirini hakuna kitu. Kisha chonge zikafunguka kidogo, na nikaona uso wa maji unatikisika kwa mbali. Alikunywa kutoka saa tatu usiku mpaka nilipokwenda kulala saa sita, na asubuhi nikamkuta amesogea mwenyewe pembeni, miguu imenyooka. Sijawahi kumshukuru Mungu kwa ajili ya mdudu kabla ya siku ile.

Kwa hiyo hoja yangu ya uzi huu: msimu ukibadilika, wengi tunakimbilia kupima JOTO. Mimi nasema tazama MAJI kwanza. Nyumba ambayo wewe unakaa na fulana bila kutetemeka, tarantula wengi wanaishi humo bila shida yoyote. Hewa ya hita ndiyo inayowamaliza.

Wenye uzoefu karibuni mniongezee au mnipinge.

#2 Dagaa_Mchele (Dar es Salaam) – 9 Novemba

Nimefungua uzi nikidhani mnazungumzia mabuibui ya kuvaa, kwamba baridi ya Marekani yanakauka kwenye kamba 😂😂

Mkuu, huyo Shangazi ukimpiga ndala moja huhitaji kipima unyevu.

#3 MgeniNjoo (Columbus, Ohio) – 10 Novemba

Mkuu MkaaBaridi shikamoo. Mimi nina wiki tatu tu kwenye hii kazi. Nina mmoja wa Mexico mwenye magoti mekundu, bado mdogo, kama sentimita nne ukipima na miguu. Muuzaji aliniuzia na mkeka wa joto juu yake, akasema bila huo hatavuka baridi. Nyumbani tunaweka hita 68 za Farenhaiti. Nifanyeje? Na asilimia ngapi za unyevu? Kila ukurasa unasema namba yake.

#4 MkaaBaridi – 10 Novemba

Marahaba. 68 za huko ni nyuzi 20 zetu. Anavuka, bila wasiwasi. Atakula kidogo, atakua taratibu, basi. Mkeka rudisha kama risiti unayo. Kama huna, weka ndani ya kabati siku ukipata mafua uwekee mgongo.

Unyevu: namba za kwenye kurasa nyingi zinapima hewa ya katikati ya boksi, ilhali buibui anaishi chini kwenye udongo. Usiwinde namba. Na vile vipima vya duara vya bei chee vinadanganya sana. Ukitaka kukijaribu, chukua kizibo cha chupa, tia chumvi ya mezani, ilowanishe kidogo iwe kama uji mzito, uweke pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa nusu siku. Kinatakiwa kisome 75. Changu cha kwanza kilisoma 61. Nilikuwa namlea mnyama kwa saa mbovu.

Halafu tuelewane kwa nini baridi inakausha, maana nje kuna theluji na mtu anasema "si ni maji hayo?" Hewa ya nyuzi -20, hata ikiwa imeshiba, inabeba kama gramu moja tu ya maji kwa kila mita ya ujazo. Ikaingia ndani, ikapashwa mpaka 22, ambako ingeweza kubeba gramu 19. Gramu ni ileile moja, lakini kiu ya hewa imekuwa ya gramu 18. Itatafuta maji popote: midomo yako, mbao za sakafu, udongo wa buibui, buibui mwenyewe. Kinachookoa ni kupika, kuoga na kupumua kwenu.

Kwa mtoto wako wa sentimita nne: kizibo cha chupa ya soda kiwe na maji muda wote, na kona moja ya boksi imwagie maji kidogo kila baada ya siku nne tano yashuke mpaka chini. Juu pakauke, chini pawe kama udongo wa bustani siku ya pili baada ya mvua. Yeye mwenyewe atachagua pa kulala.

#5 BintiMakorora (Leipzig) – 12 Novemba

Habari zenu. Mwaka wa kumi na moja huu nafuga, nilianza na mmoja, sasa sitaji idadi maana mume wangu anasoma humu.

Kaka MkaaBaridi umesema kweli kwa asilimia kubwa, ila nakupinga mawili.

La kwanza: "kona moja imwagie maji" usiiseme kwa wote. Kwa Mmexico mtoto sawa. Kwa huyo Shangazi wako HAPANA. Mimi ni mtu wa Tanga, hawa tumewaona kwenye vichaka vikavu kabisa ambavyo kuanzia Januari hadi mvua za masika hakuna tone. Ukimlowanishia udongo anapanda juu, anasuka utando mpaka kwenye kifuniko ili asikanyage chini, halafu siku ukifungua anatoka na kifuniko. Yeye mpe kisahani cha maji na udongo mkavu, mwache. Akijaza kisahani utando (na atajaza), dondoshea maji juu ya utando, atakunywa hapohapo.

Kinyume chake, mtu mwenye yule mkubwa wa misitu ya Amerika ya Kusini, Theraphosa, akisikia "usiwinde namba" akaacha udongo ukauke mwezi mzima, atamkuta amekwama kwenye gamba la zamani wakati wa kujivua. Kwa hiyo swali la kwanza kila msimu ni huyu anatoka wapi, na kwao sasa kunatokea nini.

La pili: joto. Wewe una fanesi inayopasha jengo zima. Sisi huku tuna majengo ya zamani, dari refu, na usiku redieta inashushwa. Chumba changu cha nyuma kimewahi kufika nyuzi 14. Hapo huwezi kusema "vaa fulana". Watu wazima wanavumilia, wanakaa tu kama mawe. Vitoto vidogo vinakwama, havili, havikui, na kimoja kimoja kinaondoka. Nilichofanya sipashi boksi hata moja. Napasha KABATI. Kabati la vitabu lenye milango ya kioo, kebo ya joto imepita ubavuni nyuma, mbali na maboksi, themostati imefungwa 23, na ndoo ndogo ya maji sakafuni mwa kabati. Joto linakuwa la hewa yote, siyo la sakafu, na kila buibui akitaka ubaridi anachimba anaupata. Bila themostati msiguse hiyo kebo, nasisitiza, siyo kwa ajili ya buibui tu, ni nyumba itaungua.

Na wa Ujerumani wenzangu: mnajua ile desturi ya huku ya kufungua madirisha yote dakika kumi hata kama nje ni chini ya sifuri, mwenye nyumba kaandika mpaka kwenye mkataba. Rafu yangu ya kwanza ilikuwa chini ya dirisha. Kila asubuhi nilikuwa nawapiga upepo wa barafu huku nashangaa kwa nini hawali. Hamisheni rafu ukuta wa ndani.

Chenga za makumbi ya nazi tunazotandika kama udongo msizikaushe kabisa, zikikauka zinasukuma maji badala ya kuyanywa. Kwetu Makorora makumbi tunawashia moto, huku nanunua tofali lake kwa euro. Dunia hii.

#6 Sharifu_wa_Ruwi (Maskati) – 13 Novemba

Assalaam alaykum jamaa. Nyie mnalia baridi, sisi huku ndiyo tumepumua. Msimu wetu mbaya ni Mei mpaka Septemba. Nje 45 siyo ajabu. Ndani kiyoyozi kinafanya kazi usiku na mchana, na kiyoyozi nacho kinakamua maji kwenye hewa. Lile bomba linalodondosha nje ya dirisha, ndoo nzima kwa siku, ni unyevu wa chumbani kwako huo. Kwa hiyo dada wa Leipzig na mimi tunaugua ugonjwa mmoja kwa dawa mbili tofauti.

Niliwahi kupoteza mmoja Julai. Nilikwenda likizo Unguja wiki tatu, nikamwachia mtu ufunguo aje kujaza maji. Maji alijaza, Mungu amlipe. Lakini alipotoka mara ya kwanza, kwa nia njema ya kuniokolea bili, alizima kiyoyozi. Nyumba iliyofungwa, Julai, Maskati. Simlaumu sana, sikumwambia. Sasa hivi nimebandika karatasi kwenye swichi kwa Kiarabu, Kiswahili na Kibengali: USIZIME, KUNA ROHO.

Ndugu yangu yuko Salalah, yeye tena shida yake ni ya kinyume. Ikiingia harifu kuanzia mwishoni mwa Juni, manyunyu na ukungu miezi mitatu, boksi zake zinaota kuvu kama mkate. Alitoboa matundu pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite, na kumwagilia ameacha kabisa mpaka Septemba.

#7 Shambalai (Lushoto) – 15 Novemba

Nimecheka sana kusikia huyo mnyama ana jina la kwetu. Huku milimani Julai usiku ni baridi ya kuvaa makoti mawili, lakini huyo wa rangi ya chungwa tunamwona zaidi huko chini, njia ya Mombo na kwenye mashamba ya katani, kwenye mashina na matundu ya ardhini. Kiangazi humuoni. Mvua za kwanza za vuli zikipiga ndiyo madume yanaanza kutembea hovyo usiku, yanaingia hadi jikoni. Wazee walikuwa wanatuambia mdudu huyu akikuuma utalala siku mbili unaugulia.

Sasa wakuu, kama ulaya na Marekani anauzwa kwa dola, mimi nikikamata kumi nikawatumia kwenye kopo, tunagawanaje?

#8 JamaaWaMlolongo (Nairobi) – 15 Novemba

Ndugu yangu Shambalai, pole pole. Mwaka 2025 hapa Kenya vijana wawili kutoka Ubelgiji walipatikana Naivasha na siafu... samahani, chungu hai kama elfu tano kwenye mirija midogo. Chungu tu, wale wa kukanyaga. Mahakama iliwapa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja ama jela miezi kumi na miwili. Na hao walikuwa na wakili. Wewe na kopo lako utasema nini?

#9 BintiMakorora – 15 Novemba

Ahsante Jamaa. Na Tanzania ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje tangu Machi 2016. Mdogo wangu Shambalai, muache alipo. Huku anazaliana ndani ya maboksi ya watu kama sungura, hatuhitaji hata mmoja wa porini. Wa Mexico nao wamo kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ukinunua hakikisha muuzaji ana maelezo ya wapi alizaliwa.

Ila hicho ulichosema cha madume kutoka na mvua za vuli ni dhahabu, kuliko kopo. Ndani ya nyumba ukiona dume lililokomaa linazunguka boksi usiku kucha, siyo njaa wala joto. Msimu wake umefika, anatafuta mke.

#10 Dagaa_Mchele – 16 Novemba

Yaani dume akikomaa hali, halali, anazunguka tu usiku. Nawajua watatu hapa Sinza.

#11 MgeniNjoo – 17 Januari

JAMANI. Nimetoka kazini nimemkuta yuko CHALI. Miguu juu, imetanuka, anatetemeka kidogo. Wiki ya nne hali, nyenje nimemwekea jana amemkimbia. Nje ni -14, umeme ulikatika kwa saa mbili mchana. Nimfanyie yale ya kumpeleka kwenye maji? Nimgeuze? Tafadhali aliye macho

#12 BintiMakorora – 17 Januari

USIMGUSE. Usimgeuze, usipulizie maji, usisogeze boksi, usipige picha kwa mwanga mkali.

Chali na miguu imetanuka = anajivua gamba. Ngumi = kiu. Ameweka mkeka mwembamba wa utando mweupe chini ya mgongo? Hicho ni kitanda chake.

Kitu kimoja tu: yule nyenje wa jana bado yumo? Kama yumo, mtoe kwa koleo ndefu polepole. Sasa hivi mwili wake ni laini kama jibini, nyenje mwenye njaa anaweza kumtafuna.

#13 MgeniNjoo – 17 Januari

Nyenje nimemtoa. Mikono inatetemeka. Utando upo.

#14 MgeniNjoo – 18 Januari

Saa nane usiku. Gamba limefunguka kwa juu ya kifua kama kifuniko cha sufuria. Anavuta miguu kutoka ndani ya miguu ya zamani, yote minane kwa pamoja, anasukuma, anapumzika, anasukuma. Mpya ni ya rangi ya waridi. Ameweka ubavu sasa. Mke wangu aliyeniambia "wewe na huyo shetani wako" amekaa hapa na mimi tangu saa sita na kikombe cha chai.

#15 MkaaBaridi – 18 Januari

Hongera baba mzazi 😄 (Na hii ndiyo kujivua gamba kweli, siyo ile ya wanasiasa wetu ya 2011 ambayo gamba lilibaki palepale.)

Usimlishe sasa. Tazama chonge zake kwa tochi siku ukipata nafasi: leo ni nyeupe kama punje ya mchele. Zitakuwa nyekundu, kisha nyeusi. Mpaka ziwe nyeusi hana silaha. Kwa ukubwa wake wiki moja hadi siku kumi. Maji tu.

#16 MgeniNjoo – 29 Januari

Chonge nyeusi. Amekula nyenje mdogo kwa sekunde mbili. Gamba la zamani mke amelitia kwenye fremu.

#17 MkaaBaridi – 22 Machi

Nauinua uzi. Theluji inayeyuka, unyevu umerudi 38, na mimi nina jambo la Bibi.

Bibi hajala tangu mwisho wa Septemba. Miezi sita. Nimemwekea nyenje, mende wa dubia, funza wa unga. Anawasukuma kwa mguu kama mtu anayeondoa sahani. Zamani ningepagawa. Sasa nimejifunza kumtazama tumbo: halijapungua, bado la mviringo, ukubwa sawa na kifua au kuzidi kidogo. Anakunywa. Basi.

Huyu wa Chile ana kalenda yake. Kwao Machi ndiyo wanaingia baridi, Desemba ndiyo kiangazi. Bibi nilimrithi akiwa mtu mzima na sina hakika kama saa yake ya mwilini iligeuka kabisa. Kuna mwaka alifunga Aprili hadi Agosti. Kila kitu anafanya kinyume na sisi, na sasa sibishani naye. Kila wiki tatu nampa mmoja, akikataa, asubuhi namtoa.

Wengine watatu nimeanza kuwarudishia ratiba. Baridi nzima walikuwa wanakula mara moja kwa wiki tatu, kwa kuwa kwenye nyuzi 20 chakula kinakaa tumboni muda mrefu. Sasa nakwenda wiki mbili, Mei nitafika siku kumi. Msimwage nyenje watano kwa siku moja eti kiangazi kimefika. Tumbo likizidi sana anakuwa mzito, na akianguka kutoka kiooni tumbo linapasuka.

#18 Sharifu_wa_Ruwi – 24 Machi

Naam. Na anayetaka kununua kwa posta, miezi hii ndiyo yake, Machi-Aprili na Oktoba. Mimi niliagiziwa mmoja katikati ya Agosti na jamaa asiye na subira. Kifurushi kilikaa mchana mmoja kwenye gari. Sitaki kusema zaidi.

#19 MkaaBaridi – 14 Julai

Ninaandika kwa simu, umeme hakuna tangu saa tisa alasiri, dhoruba imeangusha mti kwenye nyaya. Nje 34, ndani 31 na inapanda. Watu wanadhani Minnesota ni barafu tu.

Nilichofanya kwa wanaokuja kusoma baadaye: nimewashusha watatu kutoka rafuni hadi sakafuni, kisha wawili wenye udongo wa unyevu nimewapeleka chumba cha kufulia kilicho chini ya ardhi, ambako ni 24. Mapazia yote chini. Boksi likipigwa na jua dirishani linageuka tanuri ndani ya nusu saa, hata siku isiyo na joto kali. Sikuweka barafu, sikupulizia maji ya friji. Maji ya kawaida, kisahani kimejaa.

Mwezi uliopita nilikuwa na shida nyingine: Kipilipili alizungukwa na vijinzi vidogo vinavyotembea kwa mwendo wa kukatakata. Mabaki ya nyenje yaliyofichwa pangoni, joto, unyevu. Kile ninachokihubiri Januari, mwagia kona maji, Juni kiligeuka kuwa kosa. Nilibadilisha udongo wote, na nimepunguza kumwagia hadi mara moja kwa wiki mbili. Hewa ya hapa Julai ina maji ya kutosha yenyewe.

Na alinifyatulia vinyweleo wakati namhamisha. Wengi wa Amerika wana vinyweleo tumboni wanavikwangua kwa miguu ya nyuma. Kama upupu. Mkono wa kushoto sijalala nao siku mbili. Vaa miwani, usijione mjanja.

#20 BintiMakorora – 14 Julai

Pole kaka. Shangazi vipi na hiyo 31?

#21 MkaaBaridi – 14 Julai

Shangazi! Ndiye pekee aliyebaki juu rafuni. Ametoka nje ya shimo, amejinyoosha mlangoni pa utando wake miguu yote minane, anaota joto kama mtu wa baraza jioni. Baridi nzima sikumwona zaidi ya mara nne.

#22 Dagaa_Mchele – 15 Julai

Wakuu, nina swali la kweli leo, msinicheke. Jana usiku hapa kwangu ameingia mmoja mkubwa wa kahawia bafuni. Nilinyanyua ndala. Nikakumbuka huu uzi, nikaishusha. Nimemfunika na bakuli la plastiki. Sasa nampeleka wapi? Nje kuna kipupwe, naona kama atasikia baridi.

#23 BintiMakorora – 15 Julai

Kipupwe cha Dar, nyuzi 20 usiku! Hasikii baridi huyo. Ingiza kadibodi chini ya bakuli, nenda nalo mpaka kwenye uzio au kichaka, kibakuli ukiinamishe UPANDE USIO WAKO, usubiri atoke mwenyewe. Usiingize mkono. Na toboa hilo bakuli tundu kama hujatoboa.

#24 Dagaa_Mchele – 15 Julai

Nimetoboa. Nimemwekea na kizibo cha maji.